Chupa Chini ya Mtungi

Jilo Godhana alikuwa mvumilivu kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Tangu ujana wake alikuwa akivuta kamba ya kivuko cha Garsen, na ng'ombe wa Waorma walipogoma kupanda pantoni, yeye alichuchumaa akasubiri wachoke kugoma. Lori lilipozama kwenye tope la ukingoni, dereva akatukana mpaka koo likamkauka, Jilo alimwomba tumbaku, akavuta polepole, ndipo akaenda kutafuta magogo ya kutia chini ya magurudumu. Mto Tana ulipofurika ukala mpunga wake, alipanda tena. Watu wa Ngao alikozaliwa na watu wa Garsen alikohamia kwa ajili ya kazi walimhesabu mtu mpole, na hawakukosea, kwa miezi kumi na moja ya mwaka.

Mwezi wa kumi na mbili ulikuwa mwezi wa Hudson.

Hudson Hiribae alikuwa mtoto wa jirani kule Ngao. Walisoma darasa moja katika shule ya misheni, wakachapwa na mwalimu mmoja, wakapindua mtumbwi mmoja wakaokoana. Kisha Jilo akashika kamba, Hudson akashika njia. Alifika Nairobi, na baada ya miaka ya vibarua akaajiriwa kuwa weita katika hoteli kubwa ya Wazungu, na kila Desemba alipopewa likizo alirudi kwa lori akafikia kwa mjomba wake hapo Garsen, amevaa suruali yenye mkunjo ulionyooka na viatu ambavyo hata vumbi la Garsen lilionekana kuviheshimu.

Viatu Jilo angeweza kuvivumilia. Lakini kulikuwa na jambo la Tuneya.

Kabla Jilo hajatuma wazee kwa kina Tuneya, Hudson alikuwa ameshaandika barua. Si moja wala mbili. Zilikuja na lori, zikapita mikononi mwa watu, na kila aliyezishika alijua zinakwenda kwa nani. Baba yake Tuneya alisema barua hazilimi mpunga, akampa binti yake kijana aliyekuwa karibu, na kijana huyo alikuwa Jilo. Ilikuwa imepita miaka kumi na miwili. Walikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Godhana, aliyekuwa akisoma Ngao kwa bibi yake. Tuneya hakuwahi kumpa mumewe sababu ya kulala macho wazi. Hata hivyo Jilo hakuwahi kumwuliza alizipeleka wapi zile barua, kwa sababu aliogopa kujibiwa.

Desemba hiyo, mwaka 1957, Hudson alishuka kutoka kwenye lori akiwa na sanduku alilolibeba mwenyewe kifuani, hataki hata turniboi wa lori aliguse. Jioni ya kwanza alikuja kivukoni kama kawaida yake, akakaa juu ya pipa, na watu wakamzunguka. Chengo, Mgiriama aliyekuwa akivuta kamba pamoja na Jilo, ndiye aliyemchokoza.

"Haya, Bwana Hudson. Mwaka huu Wazungu wamekula nini?"

"Kula si neno, Chengo. Neno ni namna wanavyokula." Hudson alipangusa pipa kwa kitambaa kabla ya kuendelea. "Mtu anakuja na mkewe saa mbili usiku, anatoka saa tano. Kwanza supu. Ukiitoa supu, unaleta samaki, na samaki ana kisu chake. Ukimtoa samaki, unaleta nyama, na nyama ina kisu chake. Na kila kimoja kina waini yake. Nyeupe kwa samaki, nyekundu kwa nyama."

"Na wakichanganya?"

"Mimi nitajua kwamba ni wageni."

Watu wakacheka. Hudson akaeleza jinsi weita anavyovaa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu, jinsi anavyosimama nyuma ya kiti bila kupiga chafya, jinsi Mgoa anavyopiga piano pembeni na baa inavyojaa mabwana wanaokunywa wamesimama. Akaeleza lile ambalo watu wa Garsen walilipenda kuliko yote, na ambalo kila mwaka walimwomba alirudie.

"Chupa ikifunguliwa, huijazi glasi papo hapo. Unamtilia kidogo yule mwenye meza, kiasi cha kufunika chini ya glasi. Wengine wote wanangoja. Anaizungusha, anainusa, anaonja. Kisha anakwambia, ndiyo yenyewe, au siyo. Akisema ndiyo, unawatilia wote."

"Akisema siyo?"

"Unaitoa mezani. Huulizi."

"Na nyinyi?" Chengo akauliza. "Nyinyi mnapewa lini?"

Hudson akacheka kidogo. "Mimi huingia ukumbini nikiwa na sinia. Sina sinia, sina ruhusa ya kupita mlango ule."

Jilo aliyasikia hayo yote akiwa amewapa mgongo, anafunga kamba ambayo ilikuwa imeshafungwa. Aliona gere, na tusimpake mafuta: aliona gere mpaka masikio yakamwasha. Yeye alikuwa amevusha nusu ya watu wa pwani kwa mikono yake miwili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa juu ya pipa kumsikiliza akieleza jinsi kamba inavyovutwa. Kilichomchoma zaidi ni kwamba Tuneya alikuwa pale, amekuja kumletea chakula, naye alisimama na bakuli mkononi akasikiliza mpaka mwisho. Wali ulimfikia Jilo ukiwa umepoa.

Kuanzia siku ya pili mambo yakaharibika. Tuneya alifua shuka lao jeupe, lile la harusi, akalitia wanga, akaazima pasi ya makaa kwa mke wa mwenye duka akalipiga mpaka likasimama lenyewe. Jilo alipouliza la nini, alijibiwa kwamba shuka huwa linafuliwa. Siku ya tatu Tuneya aliuliza, kana kwamba hajali, kama Jumapili mchana Jilo atakuwa zamu.

"Kwani kuna nini Jumapili?"

"Hakuna. Nauliza tu, Baba Godhana."

Jilo alikuwa zamu Jumapili, na alimwambia hivyo. Aliona jinsi uso wa mkewe ulivyoanguka, kisha ukafanya hesabu fulani, kisha ukatulia. Hakuipenda ile hesabu.

Siku ya nne, ambayo ilikuwa Alhamisi, alitoka kivukoni mapema kwa sababu maji yalikuwa yamepanda na pantoni ilifungwa. Alipokaribia kwake alisikia kicheko cha Tuneya. Hakikuwa kicheko cha kawaida. Kilikuwa kile cha usichana, ambacho Jilo alidhani kimekwisha kama vitu vingine vinavyokwisha. Akasimama nyuma ya ua wa makuti, akachungulia. Tuneya alikuwa amesimama na mtungi mdogo wa maji mkononi, na Hudson alikuwa ubavuni mwake, amemshika kifundo cha mkono, anakigeuza taratibu.

"Hivi, shemeji. Ukimaliza kumimina, unazungusha kidogo. Tone halianguki."

"Limeanguka."

"Basi tena."

Mwanamume mwingine angeingia. Jilo hakuingia. Aligeuka akaenda mpaka kwenye mikoma yake ya kugema tembo, nusu saa kwa miguu kutoka hapo, akakaa chini. Kugema ndicho kitu kimoja Jilo alichokijua vizuri kupita mtu yeyote wa sehemu hizo. Hata Chengo, ambaye kwao Ugiriamani mtoto huzaliwa akiujua mnazi, alikiri kwamba tembo la mkoma la Jilo halina mwenzake. Vibuyu vyake alivifukiza kwa moshi wa kuni za mkwaju kabla ya kutia tembo, na harufu ile ilibaki ndani ya kinywaji. Mtu angeweza kufumba macho, akapewa vikombe vitano, akakitambua cha Jilo. Hilo ndilo lililokuwa jina lake duniani. Siku hiyo, akiwa amekaa chini ya mikoma hiyo, halikumsaidia kitu. Alikuwa akiona vidole vya Hudson tu.

Ijumaa mchana alirudi nyumbani kunywa maji. Tuneya alikuwa shambani. Mtungi mkubwa wa maji ulikaa pembeni mwa chumba, umechimbiwa kidogo kwenye mchanga mbichi ili maji yawe baridi, na Jilo alipouinamisha aliona mchanga umefukuliwa ukarudishwa. Nyumba ilikuwa yake, mtungi ulikuwa wake, mchanga alikuwa ameubeba mwenyewe kutoka mtoni. Akaufukua.

Ilikuwa chupa ndefu, ya kijani iliyoiva mpaka kuwa nyeusi, imeviringishwa kitambaa cheupe. Ndani ya kitambaa mlikuwa na kizibuo cha chuma kilichojisokota, na barua fupi ya Kizungu yenye mhuri. Kizungu cha shule ya misheni kilimtosha Jilo kuelewa: bwana mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimpa Hudson chupa hii kwa kumhudumia vizuri miaka sita, na polisi wasimsumbue njiani wakidhani ameiiba.

Jilo aliketi sakafuni na ile chupa mapajani. Kila kitu kikajipanga kichwani mwake: shuka, pasi, Jumapili, zamu, kifundo cha mkono. Yeye atakuwa anavuta kamba juani, na hawa wawili watakuwa hapa, juu ya shuka la harusi, wanatiliana. Hudson angekuwa mwenye meza. Wivu ulimpanda mpaka akaonja uchungu mdomoni kabla hata hajafungua chupa.

Akaibeba mpaka kwenye mikoma. Akaivua kwa uangalifu ile kofia ya bati laini shingoni, akaingiza kizibuo kama alivyomwona Hudson akionyesha kivukoni, akavuta. Akanywa yote, amesimama, kwa hasira. Ilikuwa kali na kavu, ikamkwaruza ulimi kama ganda la komamanga. Alitafuta ndani yake ule utamu uliowafanya watu wakae saa tatu mezani, hakuuona. Alimaliza hivyo hivyo, ili isibaki.

Kisha akashusha kibuyu cha asubuhi ile, akaijaza chupa tembo. Nia yake ilikuwa hii: Jumapili Hudson atamimina kwa maringo yake yote, na badala ya ile nyekundu ya Wazungu litatoka tembo jeupe la mkoma. Tuneya ataona. Atajua kwamba mambo ya Nairobi ni maneno matupu ya mtu wa juu ya pipa, na atacheka kicheko kile, ila safari hii atakuwa anamcheka Hudson. Akakirudisha kizibo, akakigonga kwa jiwe mpaka kikazama, akakikaza kwa nyuzi za mkoma, akapaka nta, akaivalisha chupa kofia yake juu ya vyote. Kazi nzuri kabisa. Jua halijatua, chupa ilikuwa imerudi chini ya mtungi.

Mtoto yeyote wa mgema, tangu anapoweza kubeba kibuyu, huambiwa kwamba tembo halizibwi. Huwekewa kibonge cha nyuzi mdomoni, kilegevu, ili lipumue, kwa sababu tembo linachemka lenyewe ndani kwa ndani na halikubali kufungwa. Jilo alijua hivyo kuliko wote. Alikuwa amewakaripia watu kwa kosa hilo. Lakini siku ile mikono yake ilikuwa inafanya kazi ya wivu, na wivu haukuwahi kugema.

Jumapili ikafika. Jilo alikwenda kivukoni akavusha lori moja na mbuzi wa mtu mmoja, na kila alipovuta kamba aligeuza shingo kutazama upande wa nyumba yake. Kabla ya saa saba Chengo alimjia akamshika bega.

"Nenda nyumbani. Nitashika zamu yako."

"Nani kakwambia?"

"Mkeo aliniomba tangu juzi. Nenda, bwana, usiniharibie."

Jilo alikwenda mbio mbio kisha polepole. Hakuelewa. Labda Tuneya ameamua kumwambia mambo usoni, mbele ya huyo bwana wake. Labda sanduku lake limeshafungwa. Alifika kwenye ua akiwa amekunja uso na ngumi.

Chini ya kivuli cha nyumba palikuwa na meza ya kuazima, imefunikwa shuka la harusi, limenyooka kama karatasi. Juu yake sahani mbili, visu vinne, bilauri mbili za mwenye duka. Viti viwili. Hudson alikuwa amesimama kando ya kimoja, amevaa shati jeupe na tai, anatokwa na jasho. Tuneya alikuwa amesimama nyuma, wima, na kitambaa kimekunjwa juu ya mkono wake wa kushoto.

"Umekuja," Hudson akasema. "Keti, ndugu yangu."

Jilo akatazama viti. "Nikae wapi?"

"Hapo. Hicho ni chako."

"Na Mama Godhana?"

"Mimi ndiye weita leo," Tuneya akasema, akajitahidi asicheke. "Nimefunzwa siku tatu. Keti basi, supu inapoa."

Jilo akakaa. Hudson naye akavuta kiti chake, na kabla ya kukaa aliushika mgongo wa kile kiti kwa muda, kama mtu anayehofu kwamba atafukuzwa. Alipokwisha kuketi alitazama mikono yake juu ya kitambaa cheupe akatabasamu.

"Miaka tisa, Jilo," alisema. "Miaka tisa navuta viti vya watu, sijavutiwa changu hata siku moja. Nimefungua chupa ambazo siwezi kuzihesabu. Nikapewa hii, nikajiambia, nitainywea wapi? Nairobi hakuna meza itakayonipokea. Chumbani kwangu, peke yangu, kitandani? Nikasema hapana. Nitakwenda nayo nyumbani. Nitakaa kama mteja, siku moja tu, na yule tuliyepindua mtumbwi pamoja. Nikamwomba shemeji afanye siri, maana ungejua ungesema una zamu."

Tuneya akaleta supu ya kuku. Aliiweka kwa upande unaotakiwa, akarudi nyuma hatua mbili. Jilo aliinua kijiko. Supu ilikuwa nzuri, akainywa bila kuinua macho. Neno mtumbwi lilikuwa bado linamlia masikioni, na chini ya mtungi, hatua kumi tu kutoka pale, kulikuwa na chupa.

Angeweza kusema wakati ule. Angesema, Hudson, nimefanya ubaya, na meza ingebaki meza. Alifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza Hudson alikuwa akimsifu Tuneya kwa jinsi alivyoshika sahani. Mara ya pili Jilo mwenyewe alifikiri, labda tembo ni tembo tu, labda atacheka, labda ataona ni mzaha. Mtu mwenye hatia hupata labda nyingi. Supu ikaisha, na Tuneya akaingia ndani, akarudi na chupa ameikumbatia kwa kitambaa, mchanga mbichi bado umeng'ang'ania ubavuni.

"Mwonyeshe kwanza," Hudson akamwambia kwa upole. "Nyekundu hufunguliwa mapema, ipumue ikisubiri nyama."

Tuneya akamwonyesha Jilo ile chupa, kama alivyofunzwa. Jilo akatikisa kichwa kukubali.

Tuneya akaivua ile kofia ya bati. Akaona nyuzi na nta, akasita, akamtazama Hudson. Hudson akanyoosha shingo. Naye aliziona zile nyuzi, na uso wake ukaanza kubadilika, lakini vidole vya Tuneya vilikuwa vimeshazikata.

Kizibo kikaruka. Kikagonga ukuta, kikarudi, kikaanguka ndani ya bakuli la supu la Hudson. Povu likapanda juu, jeupe, likamwagika juu ya mikono ya Tuneya, juu ya shuka, juu ya shati na tai, likaendelea kumwagika na kutoa sauti, na Tuneya akabaki ameishika chupa mbali na mwili wake akisubiri iishe. Ilipoishiwa nguvu, ilibaki na nusu yake. Harufu ikajaa uani: tembo la siku mbili, na ndani yake, wazi kabisa, moshi wa kuni za mkwaju.

Tuneya alimtazama mumewe, na Jilo aliona yote yakimwingia kichwani moja baada ya jingine, mpaka akafika mwisho wake, akatazama chini. Jilo angependa kupigwa kuliko kutazamwa vile.

Hudson aliinuka. Alijipangusa shati, akaikunja tai yake akaitia mfukoni. Kisha akanyoosha mkono, akakitoa kitambaa kwenye mkono wa Tuneya, akakiweka juu ya wake, akapokea chupa. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa umefungwa, na Jilo alielewa kwamba huo ndio uso uliosimama nyuma ya viti kule Nairobi miaka yote tisa. Hakuwahi kuuona kabla ya siku ile.

Hudson akaja upande wa kulia wa Jilo. Akamtilia kidogo, kiasi cha kufunika chini ya bilauri. Akazungusha mkono, tone halikuanguka. Akarudi nyuma hatua mbili akasubiri.

"Hudson," Jilo akasema.

Hudson alisubiri.

Jilo akaishika bilauri. Aliinusa. Akaonja tembo lake mwenyewe, ambalo alilijua kuliko jina lake, na ambalo hata likiwa limeharibika lilikuwa bado lake. Mkewe alikuwa anatazama. Chozi lilimtoka na hakulifuta.

"Siyo yenyewe," akasema.

"Vizuri, bwana," Hudson akajibu, akaitoa chupa mezani.

Hakuuliza, kwa sababu weita haulizi. Alikwenda kuimwaga nyuma ya ua, akarudi na mikono mitupu. Tuneya alikuwa ameshika kiti chake, anakivuta nyuma.

"Keti, shemeji. Samaki bado. Tafadhali keti."

"Nimezoea kusimama, shemeji."

Na hakukaa tena. Alileta kambare wa kukaanga na kisu chake, akatoa, akaleta wali na kuku na kisu chake, akatoa, akaleta maembe yaliyokatwa vipande. Alimhudumia Jilo mpaka mwisho, kimya, kwa ustadi ambao hakuna mtu wa Garsen aliyewahi kuuona, na Jilo alikula kila kilichowekwa mbele yake kwa sababu hakuwa na haki ya kukataa. Kiti cha pili kilibaki kitupu ng'ambo ya meza, na bakuli la supu lenye kizibo ndani.

Jumatatu asubuhi Hudson alipanda kivuko kwenda Witu kwa dada yake. Jilo alimvusha. Alitaka kusema kitu kila walipovuta, lakini Chengo aliimba wimbo wa kamba kwa sauti kubwa, bila kujua, na ng'ambo ikafika upesi kuliko siku zote. Hudson aliagana nao wote kwa mkono. Alimshika Jilo mkono kama alivyomshika Chengo, si zaidi, si pungufu.

Desemba iliyofuata hakuja. Jilo, ambaye miaka yote alikuwa akiombea lori la Hudson likwame huko huko Malindi, sasa alikuwa wa kwanza kusimama ukingoni kila lori lilipoonekana. Alihesabu wanaoshuka. Nyumbani Tuneya hakumgombeza wala kumnunia. Jambo moja tu alilifanya: shuka la harusi, ambalo alama za tembo hazikutoka, hakulitandika tena.

Barua ilikuja mwaka 1959, na dereva mmoja wa lori. Tuneya aliipokea kivukoni, akaitazama bahasha, akaja nayo mpaka alipokuwa Jilo.

"Ni yako," akasema.

Jilo alikauka. "Yako, labda."

"Zangu nilizichoma siku nilipoolewa, Baba Godhana. Hukuuliza. Hii imeandikwa jina lako."

Akaifungua. Mwandiko ulikuwa ule ule wa shule ya misheni, herufi zimelala upande mmoja. Hudson alisalimia, akauliza habari za mto na za mtoto Godhana. Kisha akaandika kwamba Nairobi kuna hoteli moja iliyofungua mlango wa mbele kwa watu wote, na siku yake ya mapumziko alikwenda, akaingia bila sinia. Hakwenda peke yake. Alikwenda na rafiki yake wa kazini aitwaye Iha. Walivutiwa viti. Waliagiza nyama, wakaagiza na waini nyekundu. Weita akamtilia Iha kidogo, Iha akaonja, akasema ndiyo yenyewe, na wakatiliwa wote wawili, wakakaa mpaka saa tano. Alimalizia kwa kumsalimu shemeji.

Jilo aliisoma mara mbili. Upande wa pili lori lilikuwa linapiga honi, na Chengo alikuwa ameshashika kamba anamngoja.

"Anasemaje?" Tuneya akauliza.

Jilo alikunja barua akaitia mfukoni mwa shati, akaufunga mfuko kifungo. Ule moto wa zamani ulikuwa unampanda tena masikioni, ule ule wa Desemba, ila safari hii haukumhusu mkewe hata kidogo.

"Huyo Iha," akasema, "ni mtu wa wapi?"